Kifungo Juu ya Barafu

Watu wa mtaa ule walimwita Mama Tarehe, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa amepika katika jiko la hospitali miaka ishirini na miwili, kumi ya mwisho akiwa mkuu wa jiko, na huko ndiko alikojifunza kwamba chakula kisicho na tarehe ni kama mgonjwa asiye na cheti: hujui kimelala hapo tangu lini wala kitakufanya nini. Alipostaafu, mumewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki na mtoto hawakujaliwa, alirudi nyumbani kwa mama yake mzazi. Alikuja na masanduku mawili ya nguo na friza nyeupe ya kifuniko cha juu. Friza hiyo ilibebwa na wanaume wanne kutoka barabarani, mwenyewe akiwafuata nyuma na kuwaambia wasiilaze ubavu.

Pale nyumbani alimkuta mdogo wake wa kiume, fundi cherehani, aliyekuwa akishona sare za shule katika chumba cha mbele, na mkewe. Watoto wa fundi walishakua na kwenda zao. Mama yao alikuwa amevuka themanini, meno yamemwisha kinywani, lakini masikio mazima na ulimi mzima zaidi.

Haikupita wiki Mama Tarehe akawa ameliweka jiko lile mkononi. Kila kilichoingia kwenye friza kilibandikwa kipande cha utepe wa karatasi na kuandikwa kwa kalamu nene: ni nini, kimepikwa lini, kiliwe kabla ya lini. Nyama mbichi ilikaa chini kabisa, ndani ya mfuko na mfuko juu yake, isije ikadondosha maji yake kwenye chakula kilichopikwa. Sufuria ya moto haikuruhusiwa hata kukisogelea kifuniko cha friza. Kwanza ilikalishwa kwenye beseni la maji baridi, chakula kikagawanywa kwenye vikopo vidogo vidogo, na saa mbili zisipite kabla hakijaingia kwenye baridi. Kilichoyeyuka hakirudi kuganda. Fundi alicheka, akasema iko siku ataamka na kukuta amebandikwa utepe kwenye kipaji cha uso, umeandikwa siku yake ya mwisho kutumika.

Mke wa fundi alicheka pia siku zile za mwanzo. Alikuwa mwanamke mpole, mchapakazi, ambaye kwa miaka ishirini na minane alipika katika jiko lile kwa pua na mkono wake, wala hapakuwa na mtu aliyeumwa tumbo. Lakini wifi mkubwa ni wifi mkubwa. Alimwachia jiko, akabaki kukata mboga na kuosha.

Lililowatenganisha lilikuwa mguu wa mbuzi.

Baba yake mke wa fundi, mzee aliyekuwa akifuga mbuzi wachache, alichinja dume lake moja na kumpelekea binti yake mguu mzima na mbavu. Mara ya mwisho mzee yule kuwatumia kitu ilikuwa siku ya arusi. Binti aliipokea ile nyama kama mtu aliyepokea cheo. Aliikata mwenyewe, akaifunga mwenyewe, akaiweka kwenye friza, akapanga aitoe kidogo kidogo kila wiki ili jina la baba yake litajwe mezani mpaka mwisho wa mwezi.

Siku ya tatu umeme ukakatika mtaa mzima. Ulikaa bila kurudi siku mbili na saa kadhaa. Mama Tarehe alikuwa ameonya kwamba friza ikijaa na isifunguliwe, hushikilia baridi yake siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja tu. Yao ilikuwa nusu, na mke wa fundi, kwa wasiwasi wa nyama ya baba yake, aliifungua mara nne kuangalia.

Aliporudi kutoka sokoni alimkuta wifi yake anakwenda uani na ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na mguu wa mbuzi, vipandevipande, umeshamwagiwa majivu.

Akamsimamisha. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Nusa, wifi. Nyama haina harufu yoyote. Nusa kwanza."

Mama Tarehe akainama juu ya ndoo, akavuta pumzi kwa pua, akainuka. "Imeharibika," akasema.

Hapo pana jambo ambalo hapakuwa na mtu mwingine aliyelijua. Mama Tarehe hakuwa na pua. Pua ya kuonekana alikuwa nayo, tena nzuri, lakini mwaka wake wa mwisho kazini alishikwa na mafua makali ya wiki tatu, na yalipoondoka yaliondoka na harufu zote. Kitunguu kwenye mafuta, sabuni, maziwa yaliyochacha, jasho lake mwenyewe, vyote vilikuwa kitu kimoja kwake, yaani si kitu. Alimaliza mwaka ule kwa ujanja, akiwaita wasaidizi wake wanuse sufuria kana kwamba anawapima. Hakumwambia mtu. Mpishi asiyesikia harufu ni kama fundi cherehani asiye na vidole, na yeye hakuwa tayari kuhurumiwa na watu aliowaamrisha. Ndiyo maana alikumbatia tarehe zake kwa nguvu kuliko hata zamani.

Kwa hiyo nyama ile aliitupa kwa hesabu ya saa, na kwa hesabu ya saa alikuwa sahihi kabisa, maana nyama huweza kuharibika kabla haijanuka. Angelisema hivyo tu, pengine yangeishia pale. Lakini kuambiwa "nusa" kulimchoma mahali pabaya, na aliyechomwa hujibu kabla hajafikiri.

"Ndiyo shida ya mtu aliyekulia nyumba isiyo hata na friji," akasema. "Nyama kwenu mlikuwa mkiijulia wapi?"

 Mke wa fundi akachukua kikapu chake cha sokoni, akaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chake.

Fundi aliposikia alikasirika kwa namna yake, ambayo ni kunyamaza na kukanyaga cherehani kwa kasi. Baadaye alimwita dada yake na kumwomba kwamba siku nyingine asitupe kitu bila kumuuliza mwenyewe. Mama yao, ambaye alikuwa amesikia kila neno kutoka kitandani, alimwambia binti yake alipompelekea uji: "Maneno yako nayo ungeyabandikia tarehe, mwanangu. Mengine yanatoka kinywani yameshachacha."

Mama Tarehe alijua alistahili. Aliazimia kumwomba wifi yake radhi kesho yake. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki, na msamaha nao ni kama mkate, usipoutoa ungali wa moto hugeuka jiwe. Wifi yake alirudi kuwa mpole, lakini upole wa aina nyingine, ule anaofanyiwa mgeni au askari. Alimwamkia asubuhi, akampisha mlangoni, akamuuliza kila kitu kabla ya kukigusa. Wala hakucheka tena.

Ili yasitokee mabishano mengine, Mama Tarehe alitafuta shahidi asiyeweza kubishiwa. Aliomba kifungo kikubwa cha chuma kutoka kwenye kopo la fundi, kile cha koti. Akajaza kikombe maji, akakigandisha mpaka kikawa jiwe, akaweka kifungo juu ya barafu na kukirudisha kikombe kwenye friza. Akawakusanya na kuwaeleza. Barafu ikiyeyuka, hata kama hakuna mtu nyumbani, kifungo kitazama. Umeme ukirudi, maji yataganda tena na kifungo kitabaki chini. Ukikikuta juu, chakula ni salama. Ukikikuta chini, tupa kila kitu, na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa umeme. Alisema maneno hayo ya mwisho huku akimtazama wifi yake, na kwake yeye ile ilikuwa namna ya kuomba radhi. Wifi yake alitikisa kichwa kwamba ameelewa.

Miezi ikapita, kifungo kikiwa juu.

Kazi kubwa ya friza ile ilikuwa chakula cha mama. Kila baada ya wiki mbili Mama Tarehe alipika kuku mpaka akaachana na mifupa, akamponda pamoja na wali na karoti, akakamulia limau kidogo kwa sababu mama yake alipenda, kisha akagawanya kwenye vikopo kumi vya mlo mmoja mmoja. Kikopo kilitolewa asubuhi, kikayeyushwa ndani ya friji ndogo iliyokuwa kando ya friza, si mezani, kikachemshwa mpaka kitokote, na kilichobaki hakikuwekwa tena. Bibi kizee alinawiri. Wauguzi wa kliniki waliuliza anakula nini.

Kisha mwenzake mmoja wa zamani kule jikoni hospitali akaugua, naye hakuwa na mtu. Mama Tarehe akaenda kukaa kwake siku nne. Aliacha maagizo, akaacha vikopo sita vya mama, vyote na tarehe zake.

Aliporudi, adhuhuri moja ya jua kali, alikuta nyumba imetulia. Sakafu ya jiko ilikuwa imepigwa deki ikang'aa mpaka chini ya friza, mahali ambapo ufagio haukuwa na mazoea napo. Wifi yake alimpokea mzigo, akamtengenezea chai bila kuombwa, akamuuliza habari za mgonjwa, kisha akasimama pale pale akiuviringisha ukingo wa kanga yake kidoleni. Mama Tarehe aliona moyo wake unalainika. Akasema ndani ya nafsi yake kwamba huenda umbali umewafaa, kwamba jioni ile ile ataketi na mwanamke huyu na kulitapika lile neno la mbuzi lililokuwa limemkaa kooni.

Kwanza alifungua friza. Kifungo kilikuwa juu ya barafu. Akatabasamu, akafunga.

Mama yake alikuwa na njaa, na kikopo kilichotakiwa kuyeyushwa tangu asubuhi kilikuwa bado kimeganda, kwa hiyo alikichovya kwenye maji kikalegea, akakimimina kwenye sufuria ndogo. Kilipoanza kutoa mvuke aliinamia sufuria na kuvuta pumzi, kama alivyofanya siku zote watu wakiwepo. Wifi yake alikuwa mlangoni. Alimtazama akinusa, akamwona akitikisa kichwa kwa kuridhika, akashusha pumzi ndefu na kuondoka. Mama Tarehe aliisikia ile pumzi, asiitilie maanani. Aliacha chakula kitokote vizuri, akakipooza, akampelekea mama yake.

Bibi kizee alikula vijiko vitatu, akasita. "Leo kina ukali," akasema.

"Ni limau, mama."

"Limau hili lina hasira."

"Kula mama, upate nguvu."

Basi akala, kwa sababu binti yake alikuwa amepikia wagonjwa zaidi ya miaka ishirini, na yeye hakuwa mtu wa kumfundisha samaki kuogelea. Alikimaliza chote.

Saa mbili hazikupita akaanza kutapika. Kufikia alasiri hakuwa na cha kutapika tena, tumbo nalo likamfungulia. Mikono ikawa baridi, macho yakamwingia ndani. Fundi aliomba gari la jirani, wakamlaza kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya binti yake, wakampeleka hospitali. Walimwekea dripu mkono wa kulia, mshipa ukapotea, wakaitafuta mishipa ya mkono wa kushoto.

Nesi mmoja aliyemjua Mama Tarehe tangu enzi za jiko alimuuliza mgonjwa amekula nini. Akaeleza. Akaulizwa kama chakula kiliwahi kuyeyuka na kuganda tena.

"Hakijayeyuka," akajibu. "Nina hakika nacho kama ninavyokuona wewe hapa. Ulizeni maji ya kunywa. Ulizeni dawa za presha mlizombadilishia mwezi uliopita."

Alisema kwa sauti ya mkuu wa jiko, na nesi akaandika dawa za presha. Daktari alipopita alisema kwa upole kwamba kuna sumu zinazoachwa na vijidudu ndani ya chakula kilichokaa kwenye joto, na sumu hizo hata ukizichemsha haziondoki. Kijana angeumwa siku moja akapona, lakini mwili wa miaka themanini na mitatu hauna akiba ya maji. Mama Tarehe alimjibu kwamba hayo yote anayajua, aliyafundisha kwa wasaidizi wake. Wifi yake alikuwa amesimama upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wa mgonjwa kupitia shuka. 

Asubuhi ya siku ya tatu mama yao akafa.

Mtaa ulijua kabla jeneza halijatoka. Hakuna aliyesema usoni, maana watu hawasemi usoni. Lakini siku ya maziko Mama Tarehe aliposhika mwiko ili asaidie kupika na kupakulia watu, jirani mmoja aliuchukua mkononi mwake taratibu, akamwambia apumzike, yeye ni mfiwa, wao watapika. Neno zuri kabisa. Ila sahani alizokuwa ameshapakua kabla hajanyang'anywa mwiko zilikaa pale mpaka nzi wakazipata. Wageni walikula za sufuria nyingine. Bibi mmoja alimshika mjukuu wake mkono na kumwondoa pale bila kusema kwa nini.

Alivumilia. Alikuwa na shahidi wake juu ya barafu, na mtu mwenye shahidi hahitaji kubishana.

Siku ya tisa baada ya maziko, watu wakiwa wametawanyika na fundi yuko chumba cha mbele na cherehani yake, alikwenda kwenye friza kutafuta kitu cha kupika. Akatoa mfuko wa njegere. Njegere zile alizimenya mwenyewe, akazitandaza kwenye sinia zigande moja moja, kisha akazitia mfukoni, ili mtu achote kiasi anachotaka. Alipoushika mfuko haukuchezacheza. Ulikuwa tofali. Njegere zote zilikuwa zimeshikamana na kuwa kitu kimoja, na tofali lenyewe lilikuwa na alama za nyaya za kikapu cha friza, kama mwili uliolalia kamba za kitanda.

Njegere hazishikamani hivyo mpaka zilowe. Na mfuko hauchukui umbo la nyaya mpaka kilichomo kilegee.

Akaanza kutoa vitu haraka. Kwenye vikopo vya mama vilivyobaki wino wa tarehe ulikuwa umetambaa na kufifia, kama maandishi yaliyolia. Kwenye mfuko wa nyama ya kusaga, damu ilikuwa imejikusanya kona moja na kuganda. Kila kitu ndani ya friza ile kilikuwa kinasema jambo moja, kilikuwa kinasema tangu siku aliporudi, na yeye hakukitazama kimoja, kwa sababu alitazama kifungo.

Hakupiga kelele. Alimwita wifi yake jikoni, akafunga mlango, akaweka mfuko wa njegere mezani kati yao.

Mke wa fundi aliutazama, akaketi. Ilikuwa kana kwamba amengoja siku zote hizo aitwe. Akaeleza bila kuulizwa. Siku ya pili ya safari ya wifi yake, soketi ya chumba cha mbele iliungua, na fundi alikuwa na sare arobaini za kupigwa pasi kabla ya kesho. Mkewe akatoa asubuhi vikopo vya mama vya siku mbili, akachomoa plagi ya friza, akachomeka pasi, akapiga pasi mpaka jua likatua, akazikunja sare, akasahau. Alikumbuka kesho yake baada ya chakula cha mchana, alipokanyaga maji. Siku nzima na nusu, katika joto lile. Alichomeka plagi, akapiga deki, akaketi sakafuni akalia. Kisha akakitoa kifungo kilichozama kikombeni, akagandisha maji upya, akakiweka juu. Vikopo vya mama hakuvigusa tena, alimpikia uji mpaka wifi yake aliporudi.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza Mama Tarehe.

"Niliogopa mdomo wako."

 Huko mbele cherehani ilikuwa inakwenda na kusimama, inakwenda na kusimama.

"Ungesema kwetu hatukuwa na friji," mke wa fundi akaendelea. "Ungelisema tena mbele ya mume wangu, mbele ya mama. Baba yangu umeshammwagia majivu mara moja. Sikutaka ummwagie mara ya pili."

"Kwa hiyo ukaona heri mama afe."

"Usiseme hivyo." Akainua uso, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndoo macho yake hayakuwa na upole wowote. "Mimi nilikutegemea wewe. Niliwaza, huyu ni mpishi wa hospitali, amekaa na vyakula miaka ishirini, kama kimeharibika atakijua kwa pua akifungua tu, atakitupa, na mimi nitakuwa nimepona. Nilisimama pale mlangoni makusudi. Kama usingenusa ningesema, Mungu ananiona, nilishafungua mdomo. Nikakuona umeinama, umenusa, umetikisa kichwa. Nikamshukuru Mungu. Mimi toka mlangoni nilikuwa nahisi kaharufu, nikajiambia ni hofu yangu tu. Wewe ulikuwa juu ya sufuria, wifi. Ulinusa nini?"

 Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema kwamba kinaweza kuwa kifo cha mtu mwingine. Mama Tarehe alitazama mikono yake juu ya meza, mikono iliyonawa mara nyingi kuliko ya daktari, na hatimaye akasema jambo ambalo hakuwa amemwambia hata marehemu mumewe.

"Sisikii harufu. Tangu mwaka wa mwisho kazini. Sikusikia hata ya mbuzi wa baba yako."

Mke wa fundi aliugeuza mfuko wa njegere mezani. Kisha akasema polepole, kama anayesoma kitu kigumu, "Siku ile nilikuambia unuse."

"Uliniambia."

"Ungesema tu."

"Na wewe ungesema tu."

 Wangeweza kukumbatiana pale, na pengine katika nyumba nyingine wanawake wengine wangekumbatiana. Hawa kila mmoja alimwona mwenzake amebeba nusu ya jeneza, na hakuna aliyetaka kusaidiwa na mshika nusu nyingine. Mke wa fundi aliinuka kwanza. Akachukua ndoo, wakaanza kutoa vilivyomo kwenye friza pamoja: vikopo, nyama, njegere. Walipomaliza, Mama Tarehe aliipangusa ndani kwa maji ya moto na sabuni, akaacha kifuniko wazi ikauke.

Jumapili iliyofuata walikuwa watatu katika chumba cha mama, wakigawanya nguo zake. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na sweta la marehemu mapajani, lile alilomshonea viraka vya viwiko mwenyewe. Akamuuliza dada yake swali alilokuwa akilizunguka wiki mbili.

"Dada, naomba uniambie ukweli, mimi sitakulaumu. Ni kile chakula?"

Mama Tarehe alimtazama wifi yake. Alikuwa anakunja kanga, akiilinganisha pembe kwa pembe, akaikunjua, akaikunja tena. Hakuinua kichwa. Mama Tarehe alingoja. Alingoja muda wa kutosha mtu kusema neno moja, na muda wa kutosha kusema mengi. Yeye mwenyewe alikuwa na maneno tayari: pasi, plagi, kifungo. Lakini alijua kwamba neno la kwanza likitoka, la mwisho lingekuwa pua yake, na ndugu yake angeuliza kwa nini mtu asiyesikia harufu alijipa jiko la mama yao na kumnyang'anya mwenye pua nzima.

"Chakula kilikuwa changu," akasema.

Fundi aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Hakumlaumu, alitimiza ahadi. Ila wiki ile ile akaja kumweleza, akitazama dirisha, kwamba chumba cha mama wanataka kukitumia kwa kazi, cherehani ya pili inakuja, na kwamba kuna chumba kizuri kinapangishwa mitaa miwili kutoka pale, kina jiko lake na bomba karibu. Mama Tarehe alisema ni wazo jema. Wifi yake alimsaidia kufunga mizigo. Alimfungia vizuri, kila kikombe kwenye gazeti lake.

Friza aliiacha. Walisema wataipeleka akitaka, hakutaka. Katika chumba kipya anapika mara moja kwa siku, sufuria ndogo, anakula yote, anaosha. Habandiki tarehe kwenye kitu chochote. Majirani wapya hawamjui kwa jina la utani, wanamwita mama tu, na mmoja alimuuliza kazi yake zamani. Akasema alikuwa anafanya usafi hospitali.

Fundi humtembelea kila mwisho wa mwezi. Huleta sukari, sabuni, mara nyingine kitambaa. Hukaa kwenye kiti kile kimoja karibu na mlango, wakazungumza habari za ukoo, nani kaoa, nani kazaa. Mke wake humtumia salamu na yeye humrudishia.

Mara ya mwisho alipokuja ilikuwa saa saba mchana, jua limechachamaa, naye alikuwa ametembea. Mama Tarehe alikuwa ameipua maharage na wali dakika hiyo hiyo, mvuke unapanda mpaka darini. Akapakua sahani mbili. Akaweka moja mbele ya mdogo wake, pamoja na kijiko na maji ya kunawa.

Fundi aliitazama sahani. Alikuwa na njaa; dada yake, aliyemlea, aliujua uso wake ukiwa na njaa. Akameza mate, akaisogeza kidogo kwa ncha za vidole, kiasi cha upana wa kiganja.

"Nimeshiba, dada," akasema. "Nimekula nyumbani kabla sijatoka."

"Hata kijiko kimoja?"

"Nimeshiba kabisa."

Akaendelea kumsimulia habari za mteja aliyeleta kitambaa kifupi akataka suti. Mama Tarehe alimsikiliza, akacheka palipohitaji kuchekwa. Alikula sahani yake yote mbele ya macho ya mdogo wake, kijiko baada ya kijiko, bila haraka, kisha akaivuta ile ya pili akaanza kuila.